Tumekataa Majeneza

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
10 Machi 1974

Mwanangu Agnesi,

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Kisomo cha watu wazima kimenitoa jasho, lakini sasa simbembelezi mtu kuniandikia barua, na siri zangu zinabaki tumboni mwangu. Mimi ni mzima. Dagaa wa Nyasa wanauzika, nasimama nao sokoni kutwa, jioni naloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kesho tena.

Nina habari kubwa. Kaa chini.

Unakijua chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Songea tuliojazana hapa Msimbazi. Mtu wetu akifa, Shomari seremala anatoa jeneza la mninga, vishikio vya shaba, kitambaa cheupe ndani. Mji mzima unatusifu kwa kuzika. Basi mwezi uliopita tumemzika Paskalina, jirani yangu wa mlango wa pili, mama yake Klara. Alijifungua, siku chache baadaye homa ikamshika. Akaenda hospitali, akakuta benchi limejaa, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Safari ya tatu akasema hana nguvu za kusimama foleni, ataenda kesho. Kesho yake Shomari alikuwa anampima urefu. Mtoto mchanga naye hakukaa. Klara yuko kidato cha pili, sasa analala kwangu.

Pale makaburini watu wakawa wanasifia jeneza. Mwanangu, hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikasema kwa sauti, padre akiwepo, kwamba sisi ni mabingwa wa kuwapamba watu tulioshindwa kuwatibu. Wakanivuta kanga ninyamaze. Sikunyamaza.

Jumapili tukakaa kikao. Nikatoa hoja: kuanzia leo mwanachama akifa anazikwa kwa sanda na mkeka. Hakuna jeneza. Mfuko wa majeneza unakwenda kwako huko Lihuluma, maana chuo cha misheni kimesema mwanafunzi asiye na wa kumlisha na kumvisha hatamaliza mwaka. Sharti ni moja. Ukimaliza unarudi Msimbazi. Uwe daktari wetu wa mlango wa jirani, anayetujua kwa majina, anayejua nani ana pumu kweli na nani anadeka.

Pantaleo, katibu wetu, yule kuli wa bandarini, akasimama. "Dada Benedikta anampeleka wa kwake." Nikamwambia anitajie mwingine hapa mtaani mwenye cheti cha kidato cha nne aliyekubali kwenda kukaa Lihuluma. Akakaa. Walipiga kura, wengine wakilia. Mtu kuacha jeneza lake si jambo dogo, Agnesi. Wengine hapa hawajawahi kulalia kitanda kizuri, walikuwa wanalingojea hilo.

Basi soma. Majeneza ya watu hayo.

Ni mimi shangazi yako,
Benedikta Nchimbi


Chuo cha Matabibu, Misheni ya Lihuluma
Songea
2 Juni 1974

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, maana ukishaniambia nikae najua kuna jambo. Sista Scholastika, mwalimu wetu, alinikuta nyuma ya bweni nalia na kucheka pamoja. Nikampa aisome. Alipofika kwenye majeneza akavua miwani akauliza, "Hao watu wako wana kichaa?" Nikamjibu, "Wote, Sista." Akanirudishia barua, akasema kuanzia kesho nitakaa dawati la mbele.

Nasoma, Shangazi. Kila ukurasa naona sura ya mtu wa Msimbazi. Kwenye mapafu yupo Mzee Theophil mshona viatu na kikohozi chake. Kwenye mgongo yupo Pantaleo na magunia yake. Na wiki iliyopita tumefundishwa homa ya uzazi. Inatibika. Ikiwahiwa, inatibika kabisa, na dawa yake si ya ajabu. Nilitoka darasani nikaenda kusimama jikoni peke yangu kwa hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani. Usimwambie Klara. Au mwambie, sijui.

Nina maswali. La kwanza, nani atakuwa wa kwanza kuzikwa kwa mkeka? Kunyoosha mkono kikaoni ni rahisi, maiti akiwa ndani ndipo ndugu wanapogeuka. La pili, hiyo miguu unayoloweka kila jioni inauma tu au inavimba? Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Nijibu.

Mwanao,
Agnesi


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
20 Februari 1975

Mwanangu,

Swali la kwanza jibu lake ni Mzee Theophil.

Kikohozi kilimmaliza mwezi wa kwanza. Mkeka alikuwa nao chini ya kitanda, aliusuka marehemu mkewe, na alikuwa akimwonyesha kila mteja aliyeleta kiatu: "Huu ndio mlango wangu wa kutokea." Lakini mwanawe Eliasi, yule bwana mkubwa wa kiwandani, alifika amevaa suti akatukuta tumeshamtandikia baba yake. Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Baba yake si mzigo wa kuviringishwa. Atanunua jeneza kwa fedha zake na tutamtambua.

Hata mimi nilibabaika. Shomari ndiye aliyesema, tena yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, maana majeneza ndiyo ugali wake. "Kijana, sisi Waislamu tunazikwa bila jeneza miaka yote. Hujasikia maiti wetu hata mmoja aliyerudi kulalamika." Watu wakacheka msibani, Mungu atusamehe. Eliasi hakucheka, ila alishika kona ya mkeka kama wengine, tukatoka.

Tulipita naye katikati ya Kariakoo, Agnesi. Wauza nyanya wakaacha mafungu yao wakasimama. Wengine walituonea huruma wakidhani ni umaskini. Nilikuwa naogopa, lakini nilitembea mbele na kichwa nimekiinua. Nilitaka waone kwamba tumechagua.

Chama kinasimama imara, usiwe na wasiwasi. Shomari kabaki na jeneza moja ambalo hakuna anayelitaka, limesimama kwenye karakana yake, anatundikia koti humo.

Swali la pili: miguu ni ya kutembelea, si ya kuandikia barua.

Shangazi yako,
Benedikta


Lihuluma
8 Januari 1976

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe ukimya. Barabara ilikatika, gari la posta likazama kwenye tope, na mifuko ya barua ikakaa Njombe kama imeshikwa mateka. Nasikia soko jipya limefunguliwa na lina ghorofa. Je, wamekupa nafasi nzuri au wamekutupa chini shimoni na dagaa wako?

Ni mwaka wa mwisho sasa. Tunakwenda kwa zamu kwenye kijiji kipya ng'ambo ya mto. Watu wameletwa pale kutoka mabondeni kwao, nyumba nyingine bado hazijaezekwa. Zahanati wameijenga wenyewe kwa mikono yao, ina bango lililoandikwa kwa rangi nzuri, ina mlango na kufuli. Ndani hakuna mtu. Wamemwomba tabibu, wakaambiwa wangoje. Wanangoja, na kila asubuhi kuna mama anaifagia.

Anaitwa Angelina. Siku ile alikuwa amembeba mama mkwe wake mgongoni kwa sababu alisikia wanafunzi tumekuja. Nilipomaliza kumtibu bibi, Angelina alinishika mkono, akaniuliza, "Wewe ni wa kukaa au wa kupita?"

Nilijifanya nafunga mkoba.

Kuna neno nataka kukuambia, lakini tutazungumza tukionana uso kwa uso. Hujanijibu kuhusu shimo la kidole.

Mwanao,
Agnesi


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
4 Novemba 1976

Tabibu Agnesi!

Naliandika hivyo nilitazame. Tabibu. Umefaulu, tumesikia, mtaa umepiga vigelegele mpaka mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza kama kuna harusi. Sasa sikiliza tulichokifanya, na ukimaliza kusoma anza kufunga sanduku.

Nilikwenda ofisi ya wanaopanga matabibu kuuliza unaripoti lini. Nikamkuta bwana mmoja, Ndugu Leodegar Kihwele, mstaarabu, miwani puani. Akanieleza kwa upole kwamba matabibu wapya wanakwenda vijijini, ndiyo siasa ya nchi, na kwamba Msimbazi ni mjini, na mjini kuna hospitali. Nikamwuliza, kwani maskini akikaa karibu na hospitali anapona kwa harufu ya dawa? Akasema sheria ni sheria. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Usiku nikawa nawaza lile jina. Kihwele. Huyu si Mhehe? Nikaketi kitandani nikacheka peke yangu hadi Klara akaamka. Mtani wangu! Babu zetu walipigana mikuki wakachoka, wakatuachia utani, na mtani akikujia msibani au popote huna ruhusa ya kukasirika. Atajilaza kaburini mpaka umkomboe, na utamkomboa.

Asubuhi tukalichukua lile jeneza la Shomari. Wanaume wanne wakalibeba, Pantaleo mbele, wanawake tukafuata tunalia kilio cha kweli, na barabara nzima watu wakavua kofia. Tukaingia nalo ofisini mpaka mbele ya meza yake. Nikalifungua, nikavua viatu, nikajilaza ndani.

"Mngoni wewe, nini hiki?" akasema, amesimama.

"Nimekuja kufa hapa hapa, Mhehe, nisikusumbue na foleni. Jirani zako hawajambo? Na mbwa wao bado yupo, au umeshamfanya mboga?"

Bwana wee! Nilimwona anajizuia, mdomo unamtetemeka. "Na nyie panya walikwisha Songea ndipo mkahamia Kariakoo?" Askari wa getini akaja mbio na rungu. Leodegar akamwinulia mkono. "Waache, afande. Hawa ni watani zangu. Nimekwisha leo." Pantaleo alikuwa ameshakalia kiti chake, anakula andazi lake.

"Jikomboe," nikamwambia.

"Nijikomboe kwa nini? Mfukoni sina kitu."

"Fedha zako kaa nazo. Nataka karatasi. Agnesi Nchimbi, tabibu, Msimbazi."

Akasema, "Mama, mmemwuliza mwenyewe?" Nikamwambia aache kupiga chenga. Akakaa kwenye kona ya meza, akaandika, akapiga muhuri, akanikabidhi nikiwa bado nimelala. Halafu akainama akaniambia kwa sauti ndogo jambo la kipuuzi kuhusu miguu yangu. Nilimwambia macho yake yashike adabu.

Karatasi ninayo hapa chini ya mto. Kwa kweli jenezani mle kulikuwa na raha, miguu ilipumzika. Njoo sasa.

Shangazi yako mwenye furaha,
Benedikta


Dar es Salaam
6 Novemba 1976

Kwa Ndugu Tabibu Agnesi Nchimbi,

Nakuandikia kwa karatasi yangu mwenyewe, si ya ofisi.

Ombi lako la kupangiwa kijiji cha ng'ambo ya mto, Lihuluma, lililoandikwa kwa mkono wako mwezi wa nane, lilinifikia nami nililikubali kwa moyo mkunjufu. Maombi ya namna hiyo ni machache. Juzi shangazi yako alilala ndani ya jeneza ofisini kwangu akidai urudishwe Msimbazi. Kwa mila zetu sikuweza kumnyima. Sasa una karatasi mbili, na ofisi inakubali moja tu.

Nilimwuliza kama wewe mwenyewe umeulizwa. Hakunielewa, nami sikumweleza. Kuvunja nyumba ya mtani si kazi yangu. Mwambie wewe, na umwambie upesi.

La pili. Nilikuwa muuguzi kabla ya kuwa mtu wa makaratasi. Miguu niliyoiona jenezani si ya utani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Leodegar Kihwele


Lihuluma
25 Novemba 1976

Shangazi, shikamoo.

Ndugu Leodegar alipokuuliza kama mmeniuliza mwenyewe, hakuwa anapiga chenga. Mimi ndiye niliyeomba kubaki huku. Niliandika mwezi wa nane kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu zote, sikushawishiwa na Sista wala na mtu yeyote.

Nimeichana barua hii mara nyingi kwa sababu nilikuwa naianza kwa kuomba radhi. Hii siianzi hivyo. Najua nimekula majeneza ya nani. Najua kila jina. Mzee Theophil yuko chini ya udongo na mkeka wake kwa ajili yangu. Lakini wewe ndiye uliyenifunza. Nani alisimama makaburini akasema, watu wakamvuta kanga, akaendelea kusema? Uliposema pale ulikuwa umeona mtu amekufa kwa kitu kinachotibika. Na mimi nimeona. Nimewaona wengi, Shangazi, huku hata benchi la kujaa hakuna.

Msimbazi mna hospitali ngumu kuifikia. Hawa hawana. Na ni nani hawa? Ni watu wa kwetu. Ninyi mlikimbia umaskini huu mkaenda kutafuta bandari na soko, na siwalaumu, hata baba yangu alikimbia. Mama zenu hawakukimbia. Mama yake Pantaleo nimemtibu jicho mwezi wa tisa. Aliniuliza kama mwanawe bado mrefu.

Angelina ameniuliza tena lile swali lake, na safari hii nimemjibu. Nimesema ni wa kukaa.

Nakataa kurudi. Nikasirikie, nastahili kukasirikiwa. Lakini nijibu kuhusu miguu. Sikuulizi kama mwanao sasa, nakuuliza kama tabibu.

Agnesi


Mtaa wa Msimbazi
9 Desemba 1976

Agnesi,

Barua yako nimeisoma mbele ya wanachama. Yote. Tulikaa mpaka taa ikaisha mafuta.

Nilikuandikia chama kiko imara. Si kweli. Tangu Mzee Theophil, nusu wametutoka, wamekwenda kwenye vyama vinavyozika kwa majeneza. Tuliobaki tunatukanwa sokoni, tunaitwa watu wa mikeka. Tumevumilia kwa sababu kila siku kuna mwanamke anakuja barazani kwangu na mtoto mgongoni, anauliza, "Daktari wenu anakuja lini?" Kila siku. Nami nawaambia karibu. Kesho nitawaambia nini? Nitawaambia kwamba amepata watu wengine wanaomfaa zaidi?

Nimeumia. Sijui neno jingine na sitalitafuta.

Lakini unazijua kanuni zetu. Mtu hajitoi chama kwa barua. Anayejitoa anakuja kwa miguu yake, anasimama katikati, anawatazama watu machoni, anasema. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwaka. Njoo ukatae mbele yetu.

Benedikta Nchimbi


Lihuluma
12 Januari 1977

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama. Basi lilikwama mara kadhaa upande huu wa Makambako, lakini haidhuru, nilihitaji muda wa kukaa kimya.

Bado nakiona kikao. Niliposema "nakataa" nilimtazama kila mtu kama ulivyotaka, na mmoja mmoja alinitazama. Sikutegemea Pantaleo, aliyekupinga tangu mwanzo, ndiye atakayesimama. "Huyu ndiye tuliyemlipia," alisema. "Ningemwona anainamisha macho, ningedai jeneza langu leo." Halafu akaniuliza jicho la mama yake, akatoka nje, tukamsikia analia uani. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Kuachiwa sikuwa nimejiandaa nako.

Lakini, Shangazi, asubuhi yake nilikushika mguu ukiwa usingizini. Nilibonyeza kwa kidole. Shimo lilibaki. Nilikusikiliza moyo kabla hujaamka, na nilichosikia ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu barua yako ya kwanza. Umenificha kwa miaka yote mitatu. Unapanda kitandani ukihema, unalala umekaa, unajiloweka kwenye chumvi na kula dagaa wa chumvi. Moyo wako umechoka. Unahitaji mtu wa kukuangalia mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka. Na ulipoamka ukanikuta nalia, ukanifukuza kama kuku: "Sikukusomesha uje kunishika miguu! Basi linaondoka saa ngapi?"

Nimekosa usingizi tangu nirudi. Nimeshaamua. Namwandikia Ndugu Leodegar anirudishe Msimbazi. Ulikuwa unaumwa ukinidai nirudi, na hukutumia ugonjwa wako hata siku moja kunishika. Mimi siwezi kukaa huku natibu mama za watu na wewe unaishia barazani. Angelina nitamweleza. Atanielewa au hatanielewa.

Mwanao,
Agnesi


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
20 Februari 1977

Mwanangu Agnesi,

Barua hii anakuletea Klara mkononi. Mkague, amekonda kwa mitihani, lakini amefaulu, na Sista Scholastika ameshampa nafasi. Tabibu wa Msimbazi ndiye huyo. Tulipiga kura wiki ile ile uliyoondoka. Mimi sikusema neno, Pantaleo ndiye aliyetoa hoja, na alipolitaja jina la mama yake Klara hakuna mkono uliobaki chini. Hata waliotutoka, wengine wamerudi. Eliasi wa marehemu Theophil alikuja na suti yake, akasema naye ataingia mkekani. Nikamwambia avue tai kwanza, mkeka utamkwaruza.

Mji mzima hapa unashangilia Chama kipya, TANU na Afro-Shirazi wameungana. Sisi tuna chama chetu kile kile cha zamani na njaa yake ile ile.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika kuliko siku ya barua yako ya kukataa. Ukimwandikia Leodegar akurudishe, nitakwenda ofisini kwake nijilaze tena, hata sakafuni, na safari hii nitadai akunyime. Yeye anajua kwamba naweza. Ile karatasi ya Msimbazi nimemrudishia mwenyewe. Nimemwambia aitunze, nitakuja kuifuata miaka mitatu ijayo aandike jina la Klara. Alinipa kiti na chai isiyo na sukari, Mhehe mchoyo.

Umesimama mbele ya watu ukasema nakataa, nikakuchukia usiku mmoja mzima, alfajiri nikakupenda kuliko nilivyokupenda siku zote. Usije ukaliharibu neno lile kwa sababu ya miguu ya mwanamke mmoja. Umemwambia Angelina ni wa kukaa. Kaa.

Na usidhani nimejiachia. Dawa ulizoniandikia kabla hujapanda basi nazimeza. Chumvi nimepunguza, ingawa muuza dagaa kuacha chumvi ni kujitukana. Na hospitali naenda. Nitakueleza ninavyokwenda, maana najua hutaniamini.

Lile jeneza la Shomari nililolalia, nilimwambia alipasue. Amelitengeneza benchi refu la mninga, na vishikio vya shaba ameviacha pande zote mbili kwa ajili ya kubebea. Kila Jumanne asubuhi wanawake wa Msimbazi tunalishika, wenye mimba, wenye watoto, na mimi mwenye moyo uliochoka, tunapita nalo sokoni katikati ya mikokoteni hadi hospitali. Siku ya kwanza muuguzi akatuambia benchi limejaa, turudi kesho. Tukatua letu, tukakaa.

Hakuna aliyerudi nyumbani, Agnesi. Jumanne zote hizi, hakuna hata mmoja aliyesema ataenda kesho.

Juzi Shomari alinitazama ninavyohema, akaniuliza kwa adabu zake kama anitafutie mkeka mzuri kabla bei haijapanda. Nimemwambia asinunue. Namsubiri Klara.

Shangazi yako,
Benedikta Nchimbi